Mabaka ya viazi baada ya chokaa: bakteria mwenye nyuzi katika shamba la Isyonje

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninalima viazi mviringo Isyonje, wilaya ya Rungwe. Mwaka juzi tulishauriwa tuweke chokaa ya kilimo kwa sababu mahindi yalikuwa yanadumaa, na kweli mahindi yakapendeza. Msimu huu nimerudisha viazi kwenye kipande hicho hicho. Majani yalikuwa mazuri hadi mwisho, lakini kuvuna nakuta viazi vina mabaka magumu ya kahawia, ngozi imepasukapasuka. Dalali ameshusha bei karibu nusu. Dukani nimeuziwa dawa ya ukungu mara mbili, sioni mabadiliko. Sasa mwanangu aliyeko chuo ananiambia si ukungu, ni bakteria mwenye nyuzi. Bakteria anakuwaje na nyuzi? Na nimuue na nini ili nipande tena?

Jibu: Dada, kwa maelezo uliyotoa mwanao yuko sahihi. Bakteria huyo anaitwa Streptomyces scabiei. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza maana najua ndilo linalokunyima usingizi: hutamuua. Hakuna dawa ya kupuliza kwenye majani inayomfikia, na hata ingekuwepo nisingekushauri uinunue, kwa sababu ndugu zake wa karibu ndio wanaokuozeshea mabua na samadi kila mwaka bila kudai ujira. Unachoweza kufanya ni kumbana katika zile wiki chache ambazo kiazi chako hakina kinga. Nitafika huko.

Lakini kabla ya yote, hakikisha ni yeye. Chimbua kiazi sasa hivi na ukitazame kabla jua halijakikausha. Ndani ya mabaka utaona manyoya membamba mno ya kijivu, kama macho yako bado ni mazuri. Kiazi kikikauka hayaonekani tena. Kisha kioshe, ukikate kwa kisu katikati ya baka. Ukikuta gamba la kahawia lililoishia juu juu na nyama ya chini yake nyeupe, safi, ni huyu wetu. Ukiona duara la kahawia ndani ya nyama, na ukikibinya kinatoa ute wa rangi ya maziwa, huo ni mnyauko bakteria, na hapo mazungumzo yetu yanabadilika kabisa. Upo pia upele wa unga, ambao huku kwenye baridi na mvua nyingi haukosekani: hutokea vipele vidogo vya duara vilivyoinuka, vikipasuka vinaacha unga wa kahawia, na ngozi iliyochanika inabaki imesimama pembeni. Upele wa unga husababishwa na kiumbe mwingine kabisa, asiye bakteria wala ukungu, tena hupenda maji. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu dawa ya mmoja ndiyo chakula cha mwingine: maji nitakayokushauri uyatumie dhidi ya Streptomyces yangemnenepesha yule wa unga.

Sasa hizo nyuzi. Tumezoea kufundishwa kwamba bakteria ni kijidudu cha seli moja, kinajigawa vinakuwa viwili, vinne, nane. Wengi wao wako hivyo. Streptomyces ameshika njia nyingine. Anaanza akiwa spora, chembe kavu iliyolala udongoni, ambayo inaweza kukaa miaka mingi ikisubiri. Ikipata unyevu na chakula inachomoza uzi. Uzi unarefuka kwenye ncha, unatoa matawi, matawi nayo yanatoa matawi, mpaka punje za udongo zinashikwa ndani ya wavu. Hagawanyiki kila mara kuwa viumbe vinavyoachana. Kuta za ndani ya uzi ni chache, na katika kila chumba kirefu zimo nakala nyingi za DNA yake. Unene wa uzi ni kama nusu ya mikromita hadi mikromita moja, maana yake ungelaza nyuzi mia hivi bega kwa bega ndipo ufikie unene wa unywele mmoja wa kichwani kwako. Nyuzi za ukungu wa kweli kwa kawaida ni nene kuliko hizo mara kadhaa.

Kwa hiyo muuza duka tusimlaumu sana. Roland Thaxter, mtafiti wa Connecticut, Marekani, aliyemtenga kiumbe huyu kutoka kwenye mabaka ya viazi mwaka 1890, naye alimweka katika kundi la ukungu. Wanasayansi walibishana kwa miaka mingi kuhusu jamii hii yote, maana ukiitazama kwa darubini kila kitu kinasema ukungu: nyuzi, matawi, spora. Ni undani wake unaosema vingine. Hana kiini cha seli. Ukuta wa seli yake umejengwa kwa malighafi ile ile ya kuta za bakteria wengine, wala si kitini, ile dutu ngumu ya maganda ya wadudu, kama ya ukungu. Mitambo yake ya kutengeneza protini ni ya kibakteria. Dawa za ukungu ulizouziwa zinalenga sehemu ambazo yeye hana kabisa. Ni kuchukua ufunguo wa Fuso ukaenda kuwashia bajaji. Zaidi ya hapo ulipuliza majani, na yeye yuko chini ya tuta.

Maabara ukimwotesha kwenye sahani yenye chakula cha wanga, siku mbili za mwanzo huoni kitu. Baadaye linatokea doa dogo, gumu, lililoganda kwenye chakula kiasi kwamba ukiligusa kwa sindano halichoteki. Inabidi ulikate pamoja na chakula chenyewe. Nyuzi zimeshazama chini. Siku zikienda uso wa doa unabadilika, unakuwa na vumbi la kijivu, na kwa baadhi ya spishi juu yake yanasimama matone madogo ya rangi, mekundu au ya buluu au ya njano. Inua kifuniko kidogo: harufu inayokujia ni ile ya mvua ya kwanza ikianguka kwenye vumbi.

Vumbi hilo lina kisa chake. Chakula kinapopungua, bakteria huyu hawezi kuhama, hana mkia wa kuogelea wala njia ya kutambaa. Anachofanya ni kuanza kujila. Sehemu ya nyuzi za chini zinakufa kwa mpangilio, na kilichomo ndani yake kinalisha nyuzi mpya zinazopanda juu hewani, zilizovikwa ngozi isiyoshika maji ili ziweze kutoka kwenye unyevu. Nyuzi hizo za juu ndizo zinazokatika vipande vipande kuwa minyororo ya spora. Ya scabiei imejisokota. Na saa hiyo hiyo ya njaa, mzoga ukiwa wazi na kila mwizi wa udongoni ananusa, ndipo anapotoa kemikali zake nyingi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba analinda chakula cha wanawe.

Kemikali hizo ndizo zilizoifanya jamii hii iwe maarufu duniani kuliko wakulima wanavyojua. Mwaka 2002 ilisomwa DNA yote ya ndugu yake mmoja, Streptomyces coelicolor: herufi takriban milioni 8.7, jeni zinazokadiriwa kuwa 7,825. Bakteria wa tumboni tunayemsoma shuleni, E. coli, ana kama jeni 4,300 tu. Huyu wa viazi vyako DNA yake inazidi herufi milioni 10. Kiumbe asiyeweza kukimbia anahitaji stoo kubwa ya zana: vimeng'enya vya kuvunja selulosi, yaani nyuzinyuzi zinazojenga kuta za seli za mabua, vya kuvunja kitini ya maganda ya wadudu na kuta za ukungu, na sumu za kila aina za kuwafukuza jirani.

Mwaka 1943 kijana aliyekuwa akisomea shahada ya juu, Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman, chuo cha Rutgers huko New Jersey, alipata kutoka kwa Streptomyces griseus dawa iliyoitwa streptomaisini. Ilikuwa antibiotiki ya kwanza kuweza kifua kikuu. Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake. Schatz alikuwa ameshakwenda mahakamani mwaka 1950 kudai haki yake, na akatambuliwa kuwa mgunduzi mwenza. (Wanafunzi wangu huwa wanakumbuka kesi hii kuliko wanavyokumbuka bakteria.) Zikafuata klorafenikoli, tetrasaiklini, kanamaisini, zote kutoka kwenye udongo wa mtu fulani, mahali fulani.

Kuna moja inayowahusu nyinyi wa Rungwe, Busokelo na Kyela moja kwa moja. Zile dawa za usubi zinazogawiwa kijijini, mnapopimwa urefu kwa fimbo ili kujua ni vidonge vingapi, ni ivamektini. Mjapani Satoshi Omura alichota udongo karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, akapata humo Streptomyces avermitilis. William Campbell, kwenye kampuni ya Merck, akaonyesha kwamba kinachotolewa na bakteria huyo kinaua minyoo. Kilibadilishwa kidogo kikawa ivamektini. Tangu 1987 kampuni hiyo imekuwa ikiitoa bure dhidi ya usubi, na Omura na Campbell walipata Nobel mwaka 2015. Mito yenu yenye maji ya kasi ndiko inzi wa usubi wanakozaliana, na dawa mnayomeza ilianzia kwa ndugu wa huyu anayekuharibia viazi.

Kwa nini basi scabiei ana tabia mbaya? Streptomyces walioelezwa hadi leo ni mamia ya spishi, na karibu wote hawagusi mmea ulio hai. Wachache wamebeba kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza sumu iitwayo thakstomini, jina lililotokana na yule Thaxter. Sumu hii inazuia mmea kutengeneza selulosi, yaani kujenga ukuta wa seli. Seli iliyokwisha komaa ukuta wake umeshajengwa, haidhuriki kwa urahisi. Seli inayokua ndiyo inayoumia. Bakteria anajuaje kwamba kuna seli zinazokua? Zinapojenga kuta huvujisha vipande vifupi vya selulosi, na yeye akivinusa anaanza kuitoa sumu. Kiazi kinajitetea kwa kuzungushia jeraha gamba, bakteria anapenya chini ya gamba, kiazi kinaongeza gamba jingine. Hilo rundo la magamba ndilo baka analolishusha bei dalali. Kile kipande cha DNA kinaweza kuhama kutoka Streptomyces mmoja hadi mwingine, na ndiyo maana ugonjwa huu una zaidi ya spishi moja inayouleta.

Hapo umepata dirisha lako. Kiazi huambukizwa kikiwa kichanga, kupitia vitundu vya kupumulia kwenye ngozi ambavyo bado havijajifunga. Ngozi ikishakomaa mlango umefungwa. Baka unaloliona wakati wa kuvuna liliingia wiki nyingi nyuma, na halitaenea kutoka kiazi kimoja hadi kingine ndani ya gunia. Mtu akikuuzia dawa ya kupuliza kwenye stoo dhidi ya mabaka haya, mshukuru na uondoke.

Turudi kwenye chokaa. Streptomyces scabiei hapendi udongo wenye asidi kali. Kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi ikizidi, kikiwa chini ya 5.2 huwa anasumbua kidogo sana. Kikipanda juu ya hapo hadi karibu 8 yuko nyumbani. Ninavyosoma maelezo yako, spora zilikuwepo shambani siku zote, ama zililetwa na mbegu, na asidi ikawa imezishikilia. Chokaa ikapandisha pH, mahindi yakafurahi, na yeye akafurahi. Majivu ya jikoni yanafanya kazi ile ile, kwa hiyo kama una kona unayomwagia majivu, nakisia mabaka hapo ni mengi zaidi. Hebu kaangalie.

Nisieleweke kwamba ushauri wa chokaa ulikuwa mbaya. Udongo ukiwa na asidi kali alumini huyeyuka na kuunguza mizizi ya mahindi, na udongo wetu wa majivu ya volkano, kuanzia Uporoto hadi chini ya mlima Rungwe, unajulikana kwa kuing'ang'ania fosforasi hata ukiweka mbolea. Mahindi yako yalihitaji msaada. Kilichokosewa ni mpangilio. Chokaa iwekwe mara baada ya kuvuna viazi, ili mahindi na maharage wale faida miaka kadhaa, na pH iwe imeanza kushuka tena viazi vikirudi. Wewe umeipata nyuma mbele. Na usiweke tena kwa kukisia: chota udongo sehemu mbalimbali za kipande, uchanganye, upeleke kupimwa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, ambapo kwako ni safari ya asubuhi. Ukiambiwa pH iko kati ya 5 na 5.5, iache hapo. Kwa mbolea ya kukuzia, SA (salfeti ya amonia) inaelekeza udongo kwenye asidi kuliko CAN (ile yenye kalisi), kwa hiyo kwenye kipande hiki chagua SA. Kuna Streptomyces wa aina nyingine wanaovumilia asidi, hivyo pH peke yake haimalizi kazi.

Kinachobaki kikubwa ni maji. Udongo mkavu wakati viazi vinatunga ndio unaompa nafasi, kwa sababu wavu wa nyuzi unavumilia ukavu kuliko bakteria wa kawaida. Udongo ukiwa na unyevu, bakteria wengine wengi hujaa kwenye vile vitundu vya ngozi kabla yake. Viazi huanza kutunga wiki 2 hadi 4 hivi baada ya kuchomoza, kulingana na aina na baridi. Usihesabu kalenda, fukua shina moja pembeni ya tuta utazame kama ncha za vijitawi vya chini zimeanza kuvimba. Tangu siku hiyo, kwa wiki 4 hadi 6, tuta lisikauke. Unyevu ninaousema ni ule wa udongo unaoshikamana ukiufinyanga lakini hautoi maji. Dimbwi litakuletea mnyauko na baa la majani. Kama unalima kwa mvua, panga tarehe ya kupanda ili wiki hizo ziangukie kwenye mvua ya uhakika, usiwe umechelewa hadi mvua zinaaga. Kama ni kilimo cha bondeni cha kiangazi, hapo ndipo pampu inalipa.

Mzunguko wa mazao utapunguza, hautafuta. Mahindi, ngano, maharage, pareto kwa wanaolima upande wa Umalila, vyote vinafaa, miaka mitatu au minne. Usimpishe kiazi kwa karoti, bitiruti wala figili. Hizo pia anazila. Samadi mbichi usiitie msimu wa viazi, iozeshe kwanza na uitie kwenye mahindi. Aina za viazi zinatofautiana: zenye ngozi ya kahawia yenye kukwaruza kwa kawaida huvumilia kuliko zenye ngozi nyembamba laini, ila soko la chipsi ndilo linaloamua mnapanda nini, na hilo silibishii.

Jambo moja linanivutia, ingawa sikushauri ulijaribu na ada za watoto. Huko Grand Rapids, Minnesota, shamba lililopandwa viazi mfululizo kwa miaka mingi lilifika mahali mabaka yakapungua yenyewe. Watafiti walipochimba walikuta limejaa Streptomyces wasio na sumu ya thakstomini, waliokuwa wakimpiga scabiei kwa antibiotiki zao. Ndiyo maana sipendi wazo la kuusafisha udongo kwa kemikali kali: unaua polisi pamoja na mwizi, na spora za mwizi ni ngumu.

Na ile harufu ya mvua ya kwanza, ambayo wakulima wengi wanaichukulia kuwa dalili ya udongo mzuri, ni kemikali iitwayo jiosmini, inayotolewa hasa na Streptomyces wanapoandaa spora. Pua ya binadamu inainasa hata ikiwa kiasi kidogo mno. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba wadudu wadogo warukao wa udongoni, wale weupe unaowaona ukigeuza bonge lenye unyevu, wanavutwa na harufu hiyo. Wanakuja kula, wanaondoka na spora mgongoni na nyingine tumboni. Asiyeweza kutembea amepata usafiri.

Viazi ulivyo navyo sasa havina madhara kwa anayekula. Menya kwa kina kidogo, pika. Vyenye mabaka mengi viuze kwa wanaomenya kabla ya kuuza, au kula nyumbani, lakini usivifanye mbegu hata kimoja, wala usimpe jirani vya mbegu kwa bei ya huruma. Maganda usiyarudishe shambani. Ukiwapa nguruwe, yachemshe kwanza, kwa sababu spora hupita tumboni mwa mnyama zikiwa hai, na samadi ya banda hilo utaibeba mwenyewe hadi kwenye kipande ambacho bado ni safi.